Kabla hujasema una stresi, umekojoa saa ngapi mara ya mwisho?

Duka letu la dawa lipo Mbagala, fremu ya mwisho kabisa pembeni ya barabara, na ukikaa nyuma ya kaunta muda wa kutosha unaanza kujua saa bila kuangalia simu. Asubuhi wanakuja wamama na watoto, homa, kikohozi, tumbo la kuhara. Usiku wanakuja wanaume wanaoongea taratibuu huku wanaangalia nyuma kama kuna mtu anawasikia. Alafu kuna kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja jioni, hii mi naiita saa ya kichwa, wanakuja makonda, bodaboda, wadada wa saluni, mafundi cherehani, wamachinga, na maneno yao wote ni yaleyale, "dokta nipe Panadol mbili, kichwa kinagonga, alafu leo sijui nina nini, kila mtu ananikera tu".

Mi sio dokta jamani, nauza dawa kwenye duka la dawa muhimu, nimesomea kozi yangu na cheti kipo ukutani, ila Dar ukishavaa koti jeupe tu basi we ni dokta, nimeshachoka kubishana.

Sasa hapo kwenye "kila mtu ananikera" ndio nataka tupaongelee leo. Kwasababu kichwa watu wengi wanajua maji yanahusika, ata bibi yako atakuambia kunywa maji ulale kidogo. Ila hasira, kukosa utulivu, kusahausahau, kazi ndogo kuiona kubwa, kutaka kulia bila sababu, hivyo vyote watu wanavipeleka moja kwa moja kwenye stresi. Stresi za maisha, stresi za kodi, stresi za baba watoto. Na sikatai, stresi zipo, mji huu nani hana. Ila kuna siku ukimhoji mtu vizuri unakuta tangu asubuhi kanywa kikombe kimoja cha chai na chapati, jua lote la mchana limempiga, jasho limetoka mpaka shati lina chumvi mgongoni, na bado anashangaa kwanini abiria mmoja kamrudishia chenji vibaya akataka kumpiga.

Kwahiyo siku hizi kabla sijatoa dawa ya kichwa naulizaga, umekojoa saa ngapi mara ya mwisho? Watu wanacheka. Wengine wanaona aibu hasa wanaume, wanasema we dada una mambo. Ila ni swali zuri kuliko "umekunywa maji?" maana ukimuuliza mtu kama kanywa maji atasema ndio, kila mtu anasema ndio, ni kama kuuliza kama umeswali. Mkojo haudanganyi. Mtu akisema asubuhi nilivyoamka, na sasa hivi ni saa kumi jioni, basi hatuhitaji vipimo vingi.

Kuna mama mmoja anapika chakula jirani na stendi, wali maharage, ugali dagaa, siku akiamua anapika na pilau, na jiko la mkaa lipo mbele yake tangu alfajiri. Alikuja mwezi wa pili, si mnajua joto la mwezi wa pili Dar lilivyo, unaoga unatoka bafuni unatoka jasho tena. Gauni limegandia mgongoni, midomo imekauka mpaka imepasuka, kanga kaishika mkononi anajipepea nayo. Akasema nimpime presha maana ana uhakika imepanda, kamgombeza binti anaemsaidia kuosha vyombo mpaka mtoto wa watu kalia mbele ya wateja na yeye mwenyewe akikaa akifikiria hajui ata alikua anagomba nini. Nikampima, presha ya kawaida kabisa, nikarudia mkono wa pili, kawaida. Nikamuuliza, mama leo umekunywa maji?

Akaniangalia kama nimeuliza kitu cha kitoto. "Mwanangu, nikinywa maji nitakojoa wapi?"

Na hapo ndipo maneno yote ya kwenye mabango ya afya yanapoishia. Kunywa maji, kunywa maji, glasi nane kwa siku, sawa, alafu? Choo cha kulipia ni mia tatu, kuna foleni, ukienda unaacha masufuria na kikopo cha hela na wateja wanaokula bila kulipa, na ukikifikia chenyewe hali yake unatamani urudi. Ukienda mara tatu kwa siku mia tisa imeondoka, hiyo ni nauli. Kwahiyo mtu mwenye akili timamu anapiga hesabu zake anaamua asinywe. Mi nakataa kabisa kusema huyu mama hana elimu ya afya. Anajua maji ni mazuri kuliko anavyojua daktari wa kwenye tivii, ila anajua na bei ya kuyatoa.

Na ukishaanza kuangalia kwa jicho hilo unaona watu wa hivo wapo kila mahali na wengi wao ni wanawake. Wadada wa kwenye maduka ya nguo ambao bosi hataki waondoke kwenye fremu. Walimu. Askari wa barabarani. Watoto wa kike shuleni, mtoto anaenda saa kumi na mbili asubuhi anarudi saa kumi jioni hajagusa maji kwasababu vyoo vya shule mlango hauna komeo, au mlango wenyewe haupo, alafu mwalimu anasema huyu mtoto mchana hasikilizi, yupo tu. Yupo tu kweli, kakauka.

Usiniambie safari ndefu sasa. Nani hajawahi kupanda basi la Dar kwenda Mwanza, kilomita zaidi ya elfu moja na mia moja, na kuanzia jana yake jioni unajinyima maji kwasababu ya ile "wa kuchimba dawa tushuke". Wanaume wanashuka wanageukia kichaka wamemaliza, dakika mbili. Dada wa watu yupo na suruali ya kubana, nyasi fupi, konda anapiga honi, abiria wote upande huo wa dirisha wanaangalia. Bora akae na kiu mpaka Singida. Anafika kwa shemeji yake kichwa kinauma, kanuna, hataki kuongea na mtu, na wenyeji wanaanza kusema huyu wifi kaja na maringo ya Dar.

Sasa je ni kweli maji kidogo tu yanaweza kukuharibia mudi, au ni maneno ya wauza dawa? Nimesomasoma hili. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Connecticut kule Marekani, timu ya Lawrence Armstrong, ulichapishwa 2012. Walichukua wasichana 25 wazima wa afya, umri kwenye miaka ishirini na kitu, wakawatembeza kwenye mashine ya mazoezi mpaka miili yao ikapungukiwa maji kwa asilimia 1.36 ya uzito wao. Kidogo sana hiyo. Kwa mtu wa kilo 60 ni kama mililita 800, yani ile chupa ya lita moja haijaisha. Na hao wasichana kichwa kikaanza kuuma, wakachoka, mudi ikashuka, wakaona kazi wanazopewa ni ngumu kuliko mwanzo na umakini unakimbia. Ila kitu kilichonivutia mimi ni kwamba majaribio ya akili yenyewe walifanya karibu vilevile tu kama siku waliyokua na maji ya kutosha. Akili ipo, inafanya kazi, ila mwenyewe unajisikia huwezi. Nani hajawahi kuwa na mchana wa hivo?

Mwaka wa nyuma yake, 2011, walifanya na vijana wa kiume 26, hao upungufu ulikua asilimia 1.59, na wao ikaonekana uchovu na wasiwasi viliongezeka, na kwenye zile kazi za kukaa macho unasubiri kitu kitokee wakawa wanakosea zaidi. Fikiria bodaboda hapo. Fikiria dereva wa daladala mzunguko wa nne, mchana, foleni ya Kilwa Road.

Ila nisiwafiche, hela ya tafiti hizo mbili ilitoka kampuni ya Danone, haohao wenye maji ya chupa ya Evian na Volvic. Muuza maji akikuambia maji ni mazuri we msikilize tu ila usiweke masikio yote. Haimaanishi wamedanganya, na tafiti zingine zimeonyesha mambo yanayofanana, ila ni vizuri kujua nani kalipia shughuli.

Utafiti ulionifanya nikae kitako ni wa Liverpool, Uingereza, Chuo Kikuu cha Liverpool John Moores, umetoka 2025. Wao walichukua watu wa aina mbili, wale ambao kawaida yao hawafikishi lita moja na nusu kwa siku, na wale wanaokunywa sana. Wakawaacha waishi na mazoea yao kwa wiki, alafu wakawaweka kwenye mtihani wa kuwatia presha makusudi, unasimama mbele ya watu walionuna unajieleza kama kwenye intavyuu ya kazi, alafu unapewa hesabu za kichwa. Wote waliogopa sawasawa, mapigo ya moyo yalipanda sawasawa, viganja vikatoka jasho. Ila walivyopima mate yao, wale wa maji kidogo kotisoli yao, ile homoni ya stresi, ilipanda zaidi, kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na wenzao. Na wala hawakusema wana kiu kuliko wenzao! Hapo ndipo panapotisha. Mwili ulishazoea, kiu haipigi kelele tena, lakini ndani stresi ileile inaingia na nguvu kubwa zaidi.

Sababu yake ukielezwa inaeleweka. Damu ikianza kuwa nzito, kuna sehemu ndani ya ubongo inapima chumvi ya damu muda wote, inatoa homoni inaitwa vasopresini, inaziambia figo zishike maji zisiyaachie, ndio maana mkojo unakua kidogo na rangi inakolea. Sasa homoni hiyohiyo ina kazi nyingine, inausukuma ule mtambo wa stresi unaoishia kwenye kotisoli. Kwahiyo mtu aliyekauka anakua tayari yupo mguu sawa kabla ata hajaudhiwa. Alafu ndo anakuja mtu anamrudishia chenji vibaya.

Watu wataniuliza, kwahiyo maji yanatibu sonona? Hapana. Hapana tena kwa herufi kubwa. Naona kwenye Tiktok huko watu wanasema kunywa lita tatu kila siku utaona wasiwasi wote umeisha, huo ni uongo na ni hatari maana mtu mwenye sonona ya kweli anakunywa maji yake, haoni mabadiliko, anaamua yeye ndo mbovu. Kuna utafiti wa Iran wa 2018, watu wazima zaidi ya elfu tatu wa Isfahan, ulionyesha wanaokunywa maji kidogo ndio wenye sonona zaidi. Sawa. Ila jiulize, kipi kimeanza? Mtu mwenye sonona kutoka kitandani tu ni kazi, kula hataki, kwenda kwenye ndoo kuchota kikombe cha maji ni safari. Inawezekana kabisa ugonjwa ndio uliomfanya asinywe. Ndio maana kama una mtu wa hivo nyumbani, badala ya kumpigia kelele "kunywa maji utapona" we mpelekee tu kikombe pale alipo, ukae nae kidogo, alafu mpange mwende hospitali. Mudi mbaya ya siku moja inayoisha ukinywa na kupumzika ni kitu kimoja, na wiki mbili hulali, huli, huoni maana ya kitu chochote, hicho ni kitu kingine na kina madaktari wake.

Tena kwa wanaotumia dawa za akili maji ni jambo zito kwelikweli na sijui kwanini halisemwi sana. Amitriptyline inakausha mdomo, ile Largactil pia, mtu anakua mdomo umekauka muda wote anaishia kwenye soda tu na pipi. Na dawa za jamii ya Largactil zinaweza kuusumbua mwili kupambana na joto, kwahiyo mgonjwa akikaa juani kutwa anaweza kuzidiwa. Ila kubwa kuliko yote ni lithiamu, ile dawa ya ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka, bipolar. Kama ndugu yako anatumia lithiamu, hiyo dawa inatolewa na figo, na mwili ukikauka au akipata kuhara na kutapika dawa inabaki kwenye damu inapanda mpaka inakua sumu. Dalili ni mikono kutetemeka sana, kuyumba akitembea kama mlevi, kuongea maneno yanagandana, kutapika, kuchanganyikiwa. Hapo usisubiri asubuhi. Na hao hao ndio hawatakiwi kununuliwa dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen kiholela maana nazo zinapandisha lithiamu. Nimeshamkatalia kaka mmoja diclofenac kwa ajili ya mama yake akaniona nina roho mbaya, akaenda duka la pili, sijui huko walimpa au vipi.

Na kwasababu tupo hapohapo kwenye diclofenac, ata wewe ambaye huna ugonjwa wowote, siku umekauka jua kali hujakojoa tangu asubuhi sio siku ya kumeza hizo dawa za maumivu kali, zinaminya damu inayoenda kwenye figo wakati figo zenyewe zinahangaika. Kunywa maji kwanza, kaa kivulini, kula kitu, subiri kama saa moja. Ikishindikana meza Panadol yako.

Wazee. Hapa niandike taratibu maana nimeona yanavyoleta ugomvi kwenye familia. Mtu akizeeka kiu inapungua, sio kwamba hahitaji maji, ni ile alamu tu ya kiu imelegea. Alafu wazee wengi nao wanajinyima makusudi kwasababu choo kipo nje, usiku giza, miguu inauma, hataki kumsumbua mjukuu. Sasa akikauka, au akikauka na UTI juu yake, mzee anaweza kubadilika ndani ya siku moja au mbili, jana alikua anasimulia habari za zamani vizuri tu, leo anakuita jina la marehemu kaka yake, anaona watu ukutani, usiku halali anafunga mizigo anasema anarudi kwao, mchana amelala hata ukimtikisa. Na mtaani unajua kinachofuata, mara mashetani, mara jirani kamroga, mara wakwe. Wengine wanasema ni uzee tu, akili imeisha, wanamuacha. Kuchanganyikiwa kwa ghafla namna hiyo ni ugonjwa wa mwili unaoonekana kichwani, na mara nyingi kunatibika mzee akiwahishwa, akapimwa mkojo na sukari na malaria, akaongezewa maji kwa njia inayofaa. Inaweza kua maji, inaweza kua maambukizi, inaweza kua dawa mpya aliyoanzishwa juzi. Mganga baadae kama unataka sana, hospitali kwanza.

Kwa mzee usimuulize una kiu. Mpe tu. Kikombe kidogo kila anapopewa dawa, uji mwepesi saa nne, papai, tikiti, supu. Na mtafutieni ndoo au sufuria la usiku chumbani jamani, mnaona aibu ya nini.

Haya kiasi gani sasa. Glasi nane kila mtu anazijua lakini hazina baba. Mwaka 1945 huko Marekani bodi moja ya chakula na lishe iliandika kwamba mtu mzima anahitaji kama lita mbili na nusu kwa siku, na mbele kidogo hapohapo ikasema sehemu kubwa ya hizo ipo tayari kwenye chakula. Watu wakabeba sentensi ya kwanza wakaacha ya mwisho, ndo maisha. Mwaka 2002 profesa mmoja wa figo, Heinz Valtin wa Dartmouth, alizitafuta glasi nane kwenye tafiti zote akakosa ushahidi wowote wa kisayansi kwa mtu mzima wa kawaida. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya wao mwaka 2010 walisema lita 2 kwa mwanamke na 2.5 kwa mwanaume, ila hapo ni vyote, maji, chai, uji, supu, matunda, ata mchuzi wa maharage, na ni kwa hali ya hewa ya kawaida na mtu asiyefanya kazi ngumu. Mbagala mwezi wa pili mbele ya jiko la mkaa sio hali ya hewa ya kawaida, hapo ongeza.

Na chai inahesabika. Najua mmeambiwa chai na kahawa zinakausha. Chuo Kikuu cha Birmingham 2014 waliwapa wanaume 50 waliozoea kahawa vikombe vinne kwa siku kwa siku tatu, alafu wakawapa maji kiasi hichohicho, hawakuona tofauti ya maana kwenye hali ya maji mwilini. Kwahiyo wazee wa kijiweni na kahawa yenu na kashata endeleeni, ingawa vikombe vyenu vile ni vidogo haviwezi kumaliza hesabu. Madafu safi kabisa ukipata kwa bei nzuri. Ambacho sikipendi ni hizi enaji za bei chee wanazokunywa bodaboda mchana, mtu hajala, hajanywa maji, anaweka kafeini na sukari juu yake, nusu saa baadae anakuja dukani moyo unaenda mbio mikono inatetemeka anahisi anakufa. Hapo ukimwambia kaka huo moyo umeuchochea mwenyewe anakataa.

Kipimo kizuri ni rangi ya mkojo, ukiwa wa njano nyepesi upo sawa, ukikolea ongeza. Ila kama umemeza vidonge vya vitamini B utakua wa njano ya kung'aa siku nzima ata unywe pipa, usishtuke. Na kama una homa alafu mkojo unakua mweusi kama kola, hiyo usiilete kwangu, nenda hospitali sasa hivi.

Wakati wa Ramadhani watu wananiuliza sana, tena wengine kwa kejeli, kwamba mbona wanaofunga hawachanganyikiwi. Ukweli wanaofunga vizuri wana utaratibu, wanajua mchana ni mkavu kwahiyo wanapanga, futari na tende na uji na maji kidogokidogo mpaka daku. Anaeumia ni yule anaefuturu chai moja na viazi karai vya kutosha, analala moja kwa moja, daku hakuamka, alafu kesho saa tisa ukimsemesha anakujibu vibaya anasema nimefunga niache. Na wagonjwa wameruhusiwa kutofunga, tusilazimishane.

Wala usizidishe. Figo zinaweza kutoa kama lita moja hivi kwa saa, zaidi ya hapo maji yanabaki yanaipunguza chumvi ya damu, na ubongo unavimba. Kwenye Boston Marathon ya 2002 walipima wakimbiaji 488 waliomaliza wakakuta asilimia 13 chumvi yao imeshuka chini ya kawaida, wengi wao walikunywa mno njiani. Na kuna wagonjwa wa akili wengine ugonjwa wenyewe unawafanya wanywe maji bila kukoma, mpaka ya kwenye mabomba ya kuogea, ukiona mgonjwa wako hivo mwambie daktari wake, usifurahie kwamba anajitahidi.

Kuhusu choo sasa maana nimeanzisha mwenyewe. Yule mama na wenzake wa pale stendi waliongea na mwenye nyumba ya nyuma yetu, kila mmoja anatoa hela kidogo kwa wiki, wamenunua kufuli na ndoo na sabuni, ufunguo unakaa kwa fundi viatu. Wanapeana zamu ya kuangaliana biashara. Hakuna mradi wala mfadhili hapo. Sasa hivi ana dumu la lita tano chini ya meza, maji ya kuchemsha ya nyumbani, na binti wake wa vyombo nae ana kikombe chake. Kugomba bado anagomba, tusidanganyane, ila mi naona ni kwa sababu zinazoeleweka. Mabosi wenye maduka mnaosoma hapa, kumruhusu muuzaji wako akojoe hakukutii hasara, muuzaji aliyebana mkojo anafukuza wateja wengi kuliko fremu iliyofungwa dakika tano. Na nyie wa mabasi, simamisheni kwenye vyoo vya kueleweka, dakika kumi na tano, wamama wote watakuombea dua.

Wenye moyo kujaa maji, wenye figo, na mnaotumia Lasix, ile dawa ya kukojosha, haya ya kuongeza maji hayawahusu, nyie mna kiwango chenu mlichopangiwa kliniki na wengine mmeambiwa mpunguze. Fuateni hicho, na kama daktari hajawaambia kiwango muulizeni kliniki ijayo kabla hamjaanza kubeba dumu.